Kiitikio si wimbo mzima: dhana potofu kuhusu nyimbo za mwanzo mpya

Kila nikiandaa muziki wa mahafali au wa kumuaga mfanyakazi, sikosi kuombwa Good Riddance ya Green Day, na sababu ni ile ile: "Ni wimbo wa kutakiana heri." Siyo. Billie Joe Armstrong, mwimbaji wa bendi hiyo, aliutunga kwa uchungu baada ya mpenzi wake kuhamia Ekuador, na jina lenyewe ni la mtu anayesema afadhali umeondoka. Ulitoka mwaka 1997 katika albamu ya Nimrod, kwa gitaa laini na fidla, na ulaini huo ndio unaowapoteza watu. Wanadaka kiitikio, beti zinawapita.

Sisemi usipigwe. Wimbo ukishatoka kwa mtunzi, wasikilizaji wana haki ya kuupa kazi nyingine, na huu umewaliza wahitimu wengi. Kinachonikera ni mtu kuniapia kwamba anaujua wote, kisha nikimsomea beti anashtuka. Hata mwanzo wake hajausikia vizuri: kwenye rekodi ya albamu gitaa linaanza, linakosea, linaanza tena, linakosea tena, halafu mwimbaji anatoa tusi kwa sauti ya chini. Usipokata sekunde hizo, wazazi na walimu watalisikia kwenye spika. Ushauri wangu haubadiliki: andika mashairi yote kwenye karatasi, zima muziki, yasome kwa sauti toka juu hadi chini. Kisha jiulize kama ungethubutu kumwambia maneno hayo huyo unayemuaga, uso kwa uso.

Kuna wimbo unaofaulu mtihani huo lakini watu wanaukataa. Closing Time ya Semisonic, ya mwaka 1998, huitwa wimbo wa walevi kwa sababu unasimulia baa inayofungwa. Dan Wilson, mwimbaji wa bendi hiyo, aliuandika akisubiri kuwa baba, na amesema wazi kwamba alikuwa akiwaza kuzaliwa kwa mtoto. Soma beti zake ukijua hilo: taa zinawashwa, milango inafunguliwa, mtu anatolewa nje kwenda duniani. Kwa sherehe ya mtoto mchanga mimi naupendekeza bila kusita.

Wind of Change ya Scorpions haukutungwa kusherehekea kuanguka kwa Ukuta wa Berlin. Klaus Meine, mwimbaji wa bendi hiyo, aliupatia wazo Moscow, kwenye tamasha la Agosti 1989, ukuta ukiwa bado umesimama. Mto unaotajwa humo ni Moskva, ule unaopita Moscow.

Man in the Mirror si utunzi wa Michael Jackson. Ni wa Siedah Garrett na Glen Ballard. Tafadhali watajeni kwenye ratiba zenu.

Halafu lipo hili la kwamba wimbo wa mwanzo mpya lazima uchangamke. Sam Cooke, mwimbaji Mmarekani mweusi, alikataliwa chumba hotelini Shreveport, Louisiana, Marekani, mwaka 1963 kwa sababu ya rangi yake, na hasira hiyo ikaingia katika A Change Is Gonna Come, uliotoka mwaka uliofuata. Unakwenda taratibu, na anayeimba anakiri kwamba kuishi kumemchosha na kufa anakuogopa, ila mabadiliko yatakuja. Aliyetoka kwenye msiba au talaka anauelewa mara moja. Upige kabla ya hotuba, watu wakiwa wameketi, na usiukatize katikati.