Vifuko vya Ovari si Uvimbe, wala Mishipa Haijaziba

Shoga yangu wa Wete alirudi kutoka kupigwa altrasaundi na karatasi yake imekunjwa mara nne mkobani. Imeandikwa kuwa ovari zote mbili zina vifuko vingi, tatizo linaloitwa PCOS, kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya maradhi ya ovari zenye vifuko vingi. Hajafika hata nyumbani, kashapewa tafsiri tatu njiani: chango, uvimbe, mishipa ya uzazi iliyoziba. Zote nilishazisikia, Pemba na Unguja, na zote zinatisha bure.

"Una uvimbe, utapasuliwa." Hapana. Vidude vyeusi vinavyoonekana kwenye picha ni vifuko vya mayai, aghalabu vya milimita 2 hadi 9, vilivyoanza kukua vikasita njiani. Jina ndilo lililotuponza. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika habari za wanawake 7 wenye ovari za namna hiyo, na sura ya ovari ikawa ndiyo jina la maradhi. Lakini mwanamke anaweza kuwa na vifuko hivyo na asiwe mgonjwa, na mwengine akawa na PCOS bila vifuko. Kwa mtu mzima daktari hutafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpango, homoni za kiume zilizozidi (ndevu kidevuni, chunusi zisizokwisha), na sura hiyo ya ovari. Kwanza lakini huhakikisha si maradhi mengine, kama ya tezi la shingo.

"Mishipa imeziba, damu haifiki." Hili linaniuma zaidi, maana ndilo linalouza chupa za dawa za kuzibua. Mambo ni kinyume kabisa. Katika mwili wa mtu mzima mishipa mipya ya damu haioti ovyo. Huota zaidi pale jeraha linapopona. Ovari, kama ukuta wa ndani wa mji wa mimba, ni tofauti: huotesha mipya kila mwezi. Kifuko kinapokua, ukuta wake wa nje huzungukwa na vishipa vyembamba, ilhali ndani, yai lilipo, hakuna hata kimoja. Yai likitoka, vishipa huingia ndani, na kilichobaki hugeuka kitezi cha manjano kinachotoa homoni ya projesteroni. Mimba isipoingia, hunyauka. Miongoni mwa vinavyoita vishipa hivyo ni protini inayofupishwa VEGF, na wenye PCOS mara nyingi wanayo kwa wingi. Nyama ya katikati ya ovari zao hupitiwa na damu nyingi kuliko kawaida. Damu ipo tele. Kinachokosekana ni yai kutoka, na bila yai kutoka kitezi hakijengeki. Ndiyo maana pia mwenye PCOS anapochomwa sindano za kukuza mayai huangaliwa kwa karibu: VEGF ikizidi, mishipa huvujisha maji yakajaa tumboni.

"Ni maradhi ya wanene." Wembamba pia wanayapata. Insulini, homoni inayoshusha sukari, ikizidi katika damu huisukuma ovari itoe homoni za kiume, na unene huongeza hali hiyo. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 hadi 10, mara nyingi hedhi hurejea. Asishinde njaa, aanze na ile sukari ya chai na mandazi ya asubuhi.

"Ni tasa." Wengi hushika mimba wenyewe, wengine kwa vidonge vya letrozoli vya kulitoa yai. Na mume naye apimwe mbegu.

"Kutokwenda hedhi ni kupumzika." Projesteroni isipokuwepo, ukuta wa ndani wa mji wa mimba huendelea kunenepa, na ukiachwa hivyo miaka unaweza kuleta saratani. Miezi mitatu ikipita bila damu na mimba hakuna, nenda hospitali.

Shoga yangu sasa anaandika tarehe zake nyuma ya kalenda ya jikoni. Aliporudi hospitali, daktari alizisoma hizo kwanza, kabla ya ile karatasi iliyokunjwa.