Je, wajua? Mchele wa mapembe haupunguzi Pato la Taifa

Mwanafunzi wa uchumi wa mwaka wa kwanza hukutana na fomula hii: Pato la Taifa = matumizi ya kaya + uwekezaji + matumizi ya Serikali + mauzo ya nje − uagizaji kutoka nje. Akishaiona alama ya kutoa, huhitimisha kwamba kila polo (gunia kubwa) la mapembe, mchele unaoagizwa kutoka nje, linaloshushwa bandarini Malindi linakula pato la Zanzibar. Hata wachambuzi wazoefu huteleza hapo: "uagizaji umepanda, ndiyo maana pato limeshuka." Sivyo. Pato la Taifa hupima kilichozalishwa ndani. Mchele uliolimwa ng'ambo haukuwa pato letu tangu mwanzo, basi utalipunguzaje?

Unatolewa kwa sababu ulikwishahesabiwa. Takwimu za matumizi ya kaya huchukua bei aliyolipa mnunuzi, bila kujali mchele umelimwa wapi. Ni kama kupima karafuu kwenye kituo cha ununuzi Pemba: zinapandishwa kwenye mizani pamoja na gunia, kisha uzito wa gunia unakatwa. Gunia likiwa zito zaidi, mizani inapanda na makato yanapanda vilevile. Karafuu ni zilezile.

Tuseme polo limefika bandarini kwa shilingi 90,000 na kuuzwa sokoni Darajani kwa 110,000. Matumizi yanaongezeka 110,000, uagizaji unatoa 90,000, zinabaki 20,000: ujira wa wachukuzi, gari, kodi ya fremu, faida ya muuzaji. (Hata hizo si zetu zote, maana mafuta ya gari nayo yanatoka nje na yatakatwa kwa njia hiyohiyo.) Polo likilala ghalani, linaandikwa kwenye uwekezaji kama ongezeko la akiba ya bidhaa: 90,000 ndani, 90,000 nje, jumla sifuri. Na mtalii akila wali kwa pweza Nungwi, mlo mzima ni mauzo ya nje, ingawa hakuna kilichopakiwa melini.

Hii haina maana kwamba uagizaji hauumizi mtu. Kaya ikiacha mchele wa bonde la Cheju na kuhamia mapembe, pato litashuka, lakini kilichoshuka ni mavuno yanayouzwa Cheju. Kama kila polo la nje linafukuza la ndani, fomula haiwezi kusema. Hilo linataka takwimu za bei na mavuno.

Penye utata zaidi ni ghala. Forodha ina karatasi za kila mzigo, ilhali akiba iliyomo maghalani mara nyingi hukadiriwa. Mchele ukiingia kwa wingi kuelekea Ramadhani na akiba isinaswe vizuri, alama ya kutoa inakosa mwenzake wa kujumlisha, na pato la robo ile linaonekana dogo kuliko lilivyo. Lawama kama hiyo ilisikika hata Marekani: mwanzoni mwa 2025 kampuni za huko ziliagiza bidhaa haraka kuwahi ushuru mpya, pato lililotangazwa likashuka kidogo, na vichwa vya habari vikaulaumu uagizaji.