Mpelelezi Asiye na Pingu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Riwaya Tulivu za Upelelezi

Kuna aina ya riwaya za upelelezi ambayo kila mtu ana maoni juu yake, hata yule ambaye hajawahi kufungua hata moja. Ni zile ambazo mauaji hutokea kijijini au katika mji mdogo ambako watu wanajuana kwa majina, damu haimwagiki mbele ya msomaji, na anayemfichua muuaji hana cheo wala silaha. Ni mwalimu mstaafu, mkutubi, padri, au bibi anayefuma sweta karibu na dirisha. Mimi naziita riwaya tulivu za upelelezi. Nimezisoma kwa miaka mingi, nazipenda waziwazi, na naona zimesingiziwa mengi.

"Ni hadithi laini, hazina kifo cha kweli"

Kifo kimo, na mara nyingi kinauma kuliko cha risasi, kwa sababu aliyeua ni mtu aliyekula meza moja na marehemu miaka nenda miaka rudi. Utulivu ninaousema umo katika usimulizi. Mlango unafunguliwa, mtumishi anapiga yowe, na ukurasa unaofuata tayari tuko sebuleni na watu saba wanaotazamana kwa kuibia. Jeraha hatulioni. Tunachoonyeshwa kwa karibu ni hofu ya waliobaki, jambo ambalo hadithi za kufukuzana kwa magari huwa hazina nafasi nalo.

Ulaini huo wa nje umewafanya wengi wadhani kwamba hata maarifa yaliyomo ni ya kubuni. Mtazame Agatha Christie, aliyezaliwa Torquay, Uingereza, mwaka 1890. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali mjini humo, akijifunza kupima na kuchanganya dawa ambazo zikizidi kipimo huua. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1920, ni kisa cha sumu, na sumu iliendelea kuwa silaha yake aipendayo. Katika riwaya yake moja ya mwaka 1961, ambayo sitaitaja nisije nikamharibia asiyeisoma, alieleza dalili za sumu ya thaliamu kwa usahihi mkubwa. Mwaka 1977 mtoto mdogo aliletwa katika hospitali moja ya London akiwa mahututi, na madaktari hawakujua anaumwa nini. Muuguzi mmoja alikuwa akiisoma riwaya hiyo siku hizo. Alipoona nywele za mtoto zinakatika, akaeleza anachokishuku. Vipimo vikathibitisha ni thaliamu, mtoto akatibiwa akapata nafuu. Kitabu kinachodharauliwa kuwa cha kupitishia muda kiliwaonyesha wataalamu pa kutazama.

"Mpelelezi wa ridhaa anabahatisha tu"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inaidharau kazi ngumu kabisa ya waandishi hawa. Katika riwaya iliyoandikwa vizuri, bahati imepigwa marufuku. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliandika amri zake kumi za fani hii. Mhalifu lazima atajwe mapema katika hadithi. Nguvu za mizimu zisitumike. Mpelelezi asiokolewe na ajali njema, wala asiotee jibu pasipo sababu. Na kila kidokezo anachokiona, msomaji naye akione. Mwaka uliofuata waandishi wa London wakaunda chama chao, Detection Club, wakamfanya G. K. Chesterton rais wao wa kwanza. Aliyejiunga alikula kiapo kwamba wapelelezi wake watatatua visa kwa akili zao wenyewe, bila ufunuo kutoka mbinguni na bila kutegemea sadfa. Kiapo kilikuwa na utani ndani yake, lakini msimamo ulikuwa wa kweli: kumdanganya msomaji kunaruhusiwa, kumwibia hakuruhusiwi.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri zaidi kwa mfano. Tuseme mzee tajiri amewaita wapwa wake wawili alasiri moja kuzungumzia wosia. Chai inamiminwa. Mpwa mkubwa anamsogezea mzee bakuli la sukari, mzee analirudisha. Daktari amemkataza, na tangu ujana wake amezoea kunywa chai kavu, bila maziwa wala sukari. Mazungumzo yanachacha. Mpwa mdogo anasimama, anapiga meza, na maneno yaliyofichwa miaka ishirini yanatoka yote. Mtumishi anaingia kimyakimya, anakusanya vikombe vitatu, visahani vitatu na vijiko vitatu vilivyolowa, anatoka. Mlango unabamizwa. Kesho yake asubuhi mzee amekufa.

Neno "vilivyolowa" ndilo linalomfunga muuaji. Asiyetia chochote katika chai yake hana cha kukoroga, kwa hiyo kuna mtu mwingine aliyekoroga kitu katika kikombe kile. Mwandishi hakulificha neno hilo. Ameliweka mwishoni mwa orodha ya vyombo, mikononi mwa mtu ambaye hakuna anayemtazama, na papo hapo akabamiza mlango ili macho yetu yakimbilie kwenye ugomvi. Kurasa mia mbili baadaye, jirani aliyesimuliwa na mtumishi anapoeleza habari ya kijiko, tunarudi nyuma na kukuta neno lipo palepale, tulilisoma, tukalipita. Huyo jirani hakuotea. Alikuwa na habari zilezile tulizokuwa nazo, ila yeye alizitazama zote kwa uzito ule ule.

"Raia wa kawaida hawezi kujua asichokijua polisi"

Katika mfano huo, kwa nini mtumishi alimwambia jirani na hakumwambia inspekta? Kwa sababu inspekta alimuuliza saa ngapi aliingia na nani alikuwa ameketi wapi, akajibu alichoulizwa. Kwa jirani aliketi akapumzika, akalalamika kuhusu kazi, akataja vyombo. Hapo ndipo penye nguvu ya mpelelezi wa ridhaa, na waandishi wazuri wanaijua: watu hujipanga mbele ya daftari la polisi, lakini mbele ya mtu waliyemzoea hujisahau. Umbea, ambao kila mtu anauona upuuzi, katika riwaya hizi ni ghala la ushahidi. Nani amelipa deni ghafla, nani ameacha kwenda ibadani, nani amebadili njia ya kwenda kazini. Anayeishi na watu huyajua hayo kabla mauaji hayajatokea, na kwa hiyo anajua lipi limegeuka baada ya mauaji.

Kupuuzwa nako ni silaha. Miss Marple wa Christie, aliyepata riwaya yake ya kwanza mwaka 1930, ni bibi ambaye watu huendelea kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo. Njia yake ni kulinganisha: tabia aliyoiona kwa mtu mmoja katika kijiji chake cha kubuni cha St Mary Mead anaitambua tena kwa tajiri katika jumba kubwa, kwa kuwa choyo ni kilekile na uongo una sura ileile. Kabla yake, mwaka 1897, Anna Katharine Green wa Marekani alikuwa amemtoa Amelia Butterworth, mwanamke asiyeolewa anayependa kuchungulia mambo ya jirani. Na Father Brown wa Chesterton, padri mfupi anayeonekana hajui ya dunia, anamweleza mwizi kwamba mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza dhambi za wenzake hawezi kuwa mgeni wa uovu. Wote hao wanajua watu, na ujuzi huo hautolewi katika chuo cha polisi.

Wengine husema basi, hata hivyo haiaminiki mji mmoja mdogo ukawa na mauaji kila wiki. Tamthilia ya televisheni ya Murder, She Wrote ilionyeshwa Marekani kuanzia 1984 hadi 1996, vipindi 264, na Cabot Cove, mji wa kubuni anakoishi mwandishi Jessica Fletcher, uliandamwa na maiti kupita kiasi. Ni kweli kabisa, na mtazamaji anajua. Anayeitikia "pakawa" haulizi kama sungura anaweza kusema. Ameshakubali masharti ya hadithi ili apate kilichomo. Katika maisha halisi, kugusagusa mahali pa tukio huharibu ushahidi, na hakuna msomaji mwenye akili timamu anayevichukua vitabu hivi kuwa mwongozo. Nakubali pia lawama moja: waandishi wanaowafanya polisi wote kuwa wajinga ili shujaa wao ang'ae ni wavivu. Waandishi bora humpa askari heshima yake, kisha humpa mpelelezi wa ridhaa kitu ambacho askari hawezi kukifikia.

"Ni vitabu vya bibi vizee wa Kiingereza"

Hili halihitaji maneno mengi. Mshairi W. H. Auden alikiri kwamba kwake riwaya za upelelezi ni uraibu kama tumbaku, na mwaka 1948 akaziandikia makala yenye uzito wa teolojia, akisema kadiri mahali panavyofanana na bustani ya Edeni ndivyo mauaji yanavyotisha. Kuhusu Uingereza, Precious Ramotswe wa Alexander McCall Smith amekuwa akitatua visa Botswana tangu 1998, ingawa yeye ameifanya ajira. Na sisi tunaosoma Kiswahili tunaye Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na kiko chake mdomoni, akiwaonyesha watu kwamba kinachodhaniwa ni kazi ya mizimu kina mkono wa binadamu nyuma yake. Knox angempokea kwa mikono miwili.

"Ukishamjua muuaji, kitabu kimekwisha"

Anayesema hivi hajawahi kurudia riwaya nzuri. Mara ya kwanza unasoma ukiwa msomaji; mara ya pili unakaa upande wa mwandishi. Unaiona ile sentensi yenye maana mbili, ambayo kwa mtu asiye na hatia ni huzuni na kwa muuaji ni hofu. Unaona mhusika uliyemdharau alivyosema ukweli mtupu katika sura ya tatu, na hukumwamini kwa sababu mwandishi alikwisha kukufanya umcheke. Kwangu mimi usomaji huu wa pili una raha kubwa kuliko wa kwanza.

"Wanaozisoma wanaikimbia dunia"

Fani hii ilistawi zaidi katika miaka ya 1920 na 1930. Wasomaji wake wa wakati ule walikuwa wamewazika wana, waume na kaka zao katika vita vilivyoua mamilioni. Kusema kwamba watu hao hawakutaka kukijua kifo ni kuwadhulumu. Walikuwa wamekijua kifo kisicho na sababu, kisicho na jina la aliyekileta, kisicho na hukumu. Riwaya iliwapa kifo kimoja tu, ikakitazama kwa makini, ikauliza nani na kwa nini, na haikunyamaza mpaka jibu lipatikane. Naona hapo hamna ukimbizi wowote. Ni kudai kwamba mtu mmoja aliyekufa anastahili kuulizwa habari zake.

Halafu kuna walio hai. Wasomaji wengi, nami nikiwamo, huvutwa na hao kuliko na maiti. Mauaji yakitokea na muuaji asijulikane, kila mmoja anakuwa muuaji kidogo. Wagonjwa wanaacha kwenda kwa daktari wao wa zamani. Mke anaitazama mikono ya mumewe anapokata mkate. Watoto wanaambiwa wasipite tena njia ya nyumba fulani. Hakuna aliyeshtakiwa, lakini adhabu imeshaanza, na inawaangukia wasio na kosa. Katika riwaya nzuri ya aina hii, mpelelezi anayewakusanya watu sebuleni mwishoni hafanyi maonyesho. Anawarudishia watu sita majina yao kwa kumtaja wa saba. Pingu ni za mmoja, na wanaotoka mle ndani wakiwa huru ni wengi. Faraja ya riwaya hizi naiona hapo, na ndiyo maana mtu aliyechoka au mwenye msiba hunyoosha mkono kuichukua riwaya ya mauaji bila kuona mgongano wowote.

"Ni rahisi kuziandika"

Madaftari 73 ya Christie yamesalia hadi leo. Yameandikwa bila mpangilio, mipango ya mauaji imekaa pamoja na orodha za vitu vya kununua na shughuli za nyumbani, na kisa kimoja kinaweza kuanzia daftari hili na kuendelea katika jingine. Unamwona akijaribu mhusika mmoja kuwa mwenye hatia, akimwacha, akijaribu mwingine. Huyu ni mwandishi ambaye vitabu vyake vimeuzwa nakala zinazokadiriwa kuwa bilioni mbili, naye hakuanza na jibu mkononi. Kumbadilisha muuaji maana yake ni kurudi sura ya kwanza na kupanga upya nani alikuwa wapi, nani alisikia nini, na msomaji atatazamishwa upande gani wakati neno la maana linapita.