Dhana potofu kuhusu kazi ya mbunifu wa grafiki, na ukweli wake

Nabuni grafiki kwa kujitegemea hapa Dar es Salaam. Wiki moja inaweza kubeba kadi ya harusi, lebo ya asali, taarifa ya mwaka ya SACCOS na bango la duka la vipuri. Wateja hawa hawafanani kwa lolote, ila wengi wao huja na imani zilezile kuhusu kazi hii, na imani hizo huwala fedha kabla wino haujagusa karatasi.

"Kudizaini ni kupamba"

Hii ndiyo iliyozaa nyingine zote. Mteja ameshaandika maneno yake, sasa anataka "yapendezeshwe". Ukweli ni kwamba kazi ya kwanza ya mbunifu ni kuamua jicho lianzie wapi, lipite wapi na litulie wapi. Chukua kadi ya harusi. Anayeipokea anataka kujua nani wanafunga ndoa, siku gani, saa ngapi, ukumbi gani. Jina la ukumbi likiandikwa kwa herufi nyembamba zilizojikunja, rangi ya dhahabu juu ya mawaridi, kadi itasifiwa na wageni watapiga simu kuuliza njia.

Kwa sisi tuliolelewa pwani, mfano bora kabisa umo kwenye khanga. Pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina, yaani yale maneno, limepangwa kwa mstari mmoja sehemu ya chini ya mji. Kila kimoja kina kazi yake na hakimwingilii mwenzake. Jina huandikwa kwa herufi kubwa zisizo na madoido, mara nyingi ndani ya kisanduku chake, na lazima lisomeke kwenye kitambaa kinachokunjika na kutembea na mvaaji. Mpangilio huo umevuka vizazi, huku maua, rangi na maneno vikibadilika kila mara. Ninapopanga bango la barabarani huufuata huohuo: mpaka ulio wazi, picha moja inayotawala, na maneno machache yaliyopewa mahali pao.

"Nafasi tupu ni hasara"

"Nimelipia ukurasa mzima, mbona nusu iko tupu?" Ni swali la haki, kwani fedha ni zake. Lakini jicho hukiona kitu upesi kikitengwa na vingine. Bango lenye picha nane, namba tano za simu na orodha ya huduma zote halimpi abiria wa daladala pa kushika. Huyo ana sekunde chache tu. Mwachie jina la duka, bidhaa moja na namba moja, atavikumbuka.

"Nembo lazima ionyeshe biashara inafanya nini"

Muuza samaki anataka samaki, fundi anataka spana. Samaki si kosa, lakini si sharti. Nyota ya Mercedes-Benz haina gari ndani yake, na Apple hawauzi matunda. Alama ya Nike, kampuni ya viatu vya michezo, ilichorwa mwaka 1971 na Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi wa ubunifu huko Portland, Oregon, naye akalipwa dola 35. Habari hii huletwa kwangu kama hoja ya kulipa kidogo, na sehemu ya pili huachwa: mwaka 1983 kampuni ilimpa hisa kwa kuitambua kazi yake. Hata mwanzilishi mwenza Phil Knight hakuipenda sana alama ile mwanzoni. Maana yake ililetwa na viatu, wanariadha na miaka mingi ya kuitumia bila kuibadilishabadilisha.

Kipimo cha nembo ni mahali itakapoishi. Kwetu itaishi kwenye mhuri, maana bila mhuri barua haipokelewi. Mhuri una wino mmoja na upana wa sentimita chache. Itaishi pia ndani ya kile kiduara cha WhatsApp, kwenye risiti, na kwenye fulana iliyodariziwa. Rangi zinazofifia kutoka moja kwenda nyingine, vivuli na vistari vyembamba havivuki salama huko. Nembo yoyote mimi huianza kwa rangi nyeusi pekee, nikaipunguza iwe ndogo kama ukucha. Ikisomeka hapo, ndipo tunazungumzia rangi.

"Rangi niliyoiona kwenye simu ndiyo itakayochapwa"

Haiwezekani, na mchapaji hana hatia. Simu hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi juu ya karatasi inayorudisha mwanga. Zipo rangi ambazo mwanga huziweza na wino hauziwezi, kama kijani kile cha kung'aa na bluu kali ya umeme, ambayo mara nyingi ikichapwa huelekea zambarau. Dawa ni kuomba sampuli kwenye karatasi ileile itakayotumika, kabla ya kuagiza nakala elfu.

Kwenye lebo za bidhaa rangi huleta shida nzito zaidi. Mjasiriamali wa pilipili anaweza kutaka mistari ya msimbo pau, ile inayosomwa na mashine dukani, iwe myekundu ili ilingane na chupa. Visomaji vingi vya kaunta hutumia mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo mstari mwekundu juu ya karatasi nyeupe hauonekani kabisa. Nyeusi juu ya nyeupe ndiyo salama. Nafasi tupu kulia na kushoto kwa mistari nayo isiguswe, kwani ndiyo inayoiambia mashine msimbo unaanzia na kuishia wapi. Ukubwa wa kawaida ni upana wa karibu milimita 37 pamoja na nafasi hizo, na haufai kupunguzwa chini ya asilimia 80. Na kwa kuwa naulizwa sana: namba za msimbo zinazoanza na 620 zimetolewa kupitia GS1 Tanzania, shirika linalogawa namba hizo, na zile za Kenya huanza na 616, lakini namba hizo pekee hazithibitishi kwamba bidhaa ilitengenezwa katika nchi hiyo.

"Nembo nimeshakutumia WhatsApp"

Picha ikitumwa huko kwa njia ya kawaida hubanwa, ikapoteza ubora. Ukurasa wa A4 wenye picha za kuchapwa vizuri huhitaji nukta 300 kwa kila inchi, yaani pikseli 2480 kwa 3508. Itume kama faili la hati. Bora zaidi, mwombe aliyeichora faili la vekta, yaani mchoro wa mistari badala ya nukta, kama SVG au PDF halisi, ambalo hukuzwa kwa ukubwa wowote bila kuchakaa. Kinyume chake nacho ni kweli: bango la mita sita linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara halihitaji nukta 300. Umbali huuficha upungufu wa nukta.

"Picha iko Google, kwa hiyo ni ya bure"

Google huonyesha tu picha ilipo, mwenyewe yupo. Hakimiliki huanza pale kazi inapobuniwa, hata bila kusajiliwa. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 1999 inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na Kenya ina sheria ya mwaka 2001 chini ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. Fonti, yaani mitindo ya herufi, nazo zina leseni, na nyingi zinazoitwa za bure ni za matumizi binafsi tu. Kwa jina la biashara na nembo, kinga ya alama ya biashara hutafutwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA kwa Bara na BPRA kwa Zanzibar, na ni vema kupekua huko kabla ya kuchapa chochote.

Kati ya mteja na mbunifu, ugomvi mwingi huzaliwa na jambo ambalo halikuandikwa. Makubaliano ya ukurasa mmoja yanatosha, yaseme kianzio ni kiasi gani, marekebisho ni mara ngapi, faili zipi zitakabidhiwa, nani atamiliki kazi baada ya malipo ya mwisho, na kama mbunifu ataruhusiwa kuionyesha kwa wateja wengine.