Ardhi ya kilimo Tanga: nani anaigawa, nani anailinda

Watu wa Muheza, Korogwe au Handeni wakianza kuzungumzia mashamba, hakosi mmoja wa kusema: "Nenda kwa mwenyekiti, ndiye mwenye ardhi." Mwingine atakataa, aseme ardhi ni ya Rais, sisi wengine wapangaji. Wa tatu atamaliza kwa kusema hayo yote huamuliwa Dodoma. Kila kauli ina chembe ya kweli, na ukiifuata yoyote peke yake unaweza kupoteza shamba. Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, kuanzia Jiji la Tanga hadi Kilindi na Bumbuli, na sehemu kubwa ya maamuzi kuhusu ardhi ya mkulima hufanywa humo humo, mengine chini ya mwembe wa kijiji chako. Hizi hapa ni dhana ambazo naona zinawagharimu watu zaidi.

"Mwenyekiti akisaini, shamba ni lako"

Hii ndiyo mama wa migogoro. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inaikabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji nzima, yaani wajumbe 15 hadi 25, tena kama wadhamini tu. Wenye kunufaika ni wanakijiji. Na hata wajumbe wote wakiwa kitu kimoja, hawaruhusiwi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano mkuu ni wewe, jirani yako na kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na unapaswa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu.

Kwa hiyo karatasi yenye saini ya mwenyekiti na muhuri mwekundu, isiyo na muhtasari wa mkutano nyuma yake, haina nguvu ambayo mnunuzi aliilipia. Kabla ya kutoa hela, omba muhtasari huo kwa mtendaji wa kijiji. Ndiye mwajiriwa anayetunza kumbukumbu. Mwenyekiti ni wa kuchaguliwa, na anaweza kuwa amekwenda na uchaguzi uliopita.

Kuna na ukomo wa ukubwa. Kijiji chenyewe kinaweza kugawa hadi hekta 20, karibu ekari 50. Kuanzia hekta 21 hadi 50 lazima halmashauri ya wilaya ikubali, na kuzidi hapo jambo linafika kwa Kamishna wa Ardhi. Mwekezaji akija na gari mbili akitaka hekta mia tatu, akapewa siku hiyo hiyo, kuna hatua zimerukwa. Na kama eneo linahamishwa kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, mkutano mkuu wenyewe ndio unaokubali au kukataa ikiwa halizidi hekta 250. Likizidi, Waziri huamua baada ya kusikia mapendekezo ya mkutano huo. Raia wa kigeni hamilikishwi ardhi moja kwa moja. Anaipata kwa ajili ya uwekezaji tu, kwa utaratibu wake maalumu, si kwa makubaliano ya pembeni na mzee wa ukoo.

Mjini Tanga ni habari nyingine. Mwenyekiti wa mtaa hana kabisa mamlaka ya kugawa ardhi, iwe Pongwe au Chumbageni.

"Shamba la mkonge lililotelekezwa ni la kijiji kilicho jirani"

Hapa Tanga tuna historia inayofanya dhana hii ieleweke. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa upande wa Pangani, na kwa miongo kadhaa ardhi nzuri kandokando ya reli ikageuka mistari ya mkonge. Vijiji vikabanwa katikati. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, bei ya singa duniani ikaanguka, na maeneo makubwa yakarudi kuwa vichaka. Mtu mwenye watoto sita na ekari mbili akilitazama pori hilo ng'ambo ya barabara, kumwambia "hilo si lako" ni maneno magumu.

Lakini ndivyo ilivyo. Shamba lenye hati ni ardhi ya jumla hata kama halijaona jembe miaka ishirini. Halmashauri ya kijiji haiwezi kuligawa, na waliogawiwa kwa njia hiyo huishia kuondolewa mahindi yakiwa yamebeba. Njia iliyopo ni ya ofisi ya ardhi ya halmashauri: kukagua shamba, kuthibitisha kwamba mmiliki amekiuka masharti ya uendelezaji, kumpa ilani, na jambo kupelekwa juu hadi kwa Rais, ambaye peke yake ndiye mwenye uwezo wa kufuta hati. Ni njia ndefu, na kwa maoni yangu ni ndefu kupita kiasi kwa wilaya zenye njaa ya ardhi kama zetu. Hata hivyo kijiji kina la kufanya leo: kuliandika suala hilo kwenye muhtasari wa mkutano mkuu, kulipeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na kumdai diwani alifikishe kwenye baraza la madiwani. Kulalamika kijiweni hakuandikwi popote.

"Mpango wa matumizi bora ya ardhi ni mbinu ya kutunyang'anya mashamba"

Wasiwasi huu haukutoka hewani. Watu wameona bikoni zikichimbiwa bila maelezo. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, hata hivyo, inaufanya mpango kuwa wa kijiji. Kijiji kinakuwa na kamati yake, wataalamu wa wilaya wanasaidia, na mkutano mkuu ndio unaopitisha: hapa kilimo, hapa malisho, hapa makazi, hapa msitu wa kijiji, hapa mapito ya mifugo. Kwa Handeni na Kilindi, ambako mkulima na mfugaji wanagombea bonde lile lile kiangazi, ramani iliyokubaliwa na pande zote ina maana kuliko polisi wanaokuja baada ya fimbo kupigwa.

Mpango pia ndio unaosafisha njia ya hatimiliki ya kimila. Hati hiyo hutolewa baada ya mipaka kuhakikiwa majirani wakiwepo, inasainiwa na viongozi wa kijiji na kusajiliwa wilayani. Mnaohofia kwamba ni hati ya daraja la pili, kisheria hadhi yake ni sawa na ya ile ya mjini, na haina mwisho wa miaka isipokuwa umepewa kwa kipindi maalumu. Benki kuikubali kama dhamana ni suala jingine. Baadhi bado zinavuta miguu.

Ninachokubaliana na wenye shaka ni kwamba mpango uliofungiwa kabatini kwa mtendaji hauzuii ng'ombe wala mwekezaji. Muulizeni awaonyeshe ramani. Ni haki yenu kuiona.

"Bibi shamba ni wa wizara, sisi hatuna la kumfanya"

Afisa ugani ameajiriwa na halmashauri, chini ya TAMISEMI. Wizara ya Kilimo inatoa sera, mafunzo na vitendea kazi, kama pikipiki zile za mwaka 2022, lakini bosi wake ni mkurugenzi wa halmashauri. Asipoonekana msimu mzima, malalamiko huanzia kwa mtendaji wa kata na diwani. Nawe uwe na huruma kidogo, maana mmoja mara nyingi anahudumia vijiji kadhaa, na Usambara si tambarare.

Jambo linalonishangaza ni watu kupita Ngomeni kila siku wakikiona kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, wakadhani ni cha mkonge tu. Kweli, ndipo ilipozaliwa mbegu maarufu ya mkonge, Haibridi 11648. Ila kituo hicho hicho ndicho cha utafiti wa udongo kwa nchi nzima. Mtu wa Muheza anaweka mbolea kwa kubahatisha wakati maabara ya udongo iko jirani yake.

"Matuta ni amri ya mkoloni"

Lushoto neno hili bado lina moto. Kuanzia 1946 Waingereza waliwalazimisha watu wa bonde la Mlalo, na baadaye Usambara zaidi, kuchimba matuta chini ya tishio la faini na jela. Wasambaa waligoma mpaka mradi ukafa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wengine wamerithi hasira bila kurithi udongo, kwa sababu udongo ulishateremka na mvua.

Tofauti ya leo ni nani anatunga. Sheria ndogo ya kijiji ya kuhifadhi udongo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, ikajadiliwa na mkutano mkuu, kisha ikathibitishwa na halmashauri ya wilaya. Ukitozwa faini, omba kuiona sheria hiyo na uthibitisho wake; ikikosekana, faini haina miguu. Lakini usichanganye na katazo la kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hilo ni la Sheria ya Mazingira ya 2004, haliwezi kuondolewa na kura ya kijiji. Kule bonde la Zigi, mto unaojaza bwawa la Mabayani na kuinywesha Tanga mjini, wakulima wenyewe waliunda umoja wao, UWAMAKIZI, kulinda kingo hizo.

Ndogondogo zinazogharimu

Ushuru wa mazao: mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima anayesafirisha mzigo usiofika tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Ukilipa, dai risiti ya mashine ya POS. Ya kuandikwa kwa peni haifiki halmashauri.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri haina riba, na si ya wauza vitenge peke yao. Kikundi cha kilimo cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaruhusiwa kuomba.

"Ukipisha mradi, unalipwa minazi na mikorosho tu." Hapana. Fidia kisheria inahesabu thamani ya soko ya ardhi yenyewe, pamoja na posho za usumbufu na usafiri. Wanaoishi upande wa Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta kutoka Uganda, wanalijua somo hili.

Mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili mbele ya sheria ya 1999, iwe ya Kizigua, Kibondei au Kidigo. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu.

"Baraza la kata limeshahukumu, basi"

Dhana hii ilikuwa kweli zamani, ndiyo maana ni ngumu kung'oka. Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata uwezo wa kuamua kesi za ardhi. Sasa kazi yao ni kusuluhisha, na wana siku 30. Wakishindwa, nenda na hati yao ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo linaloanza kusikiliza kesi; muda ukipita bila usuluhishi, unaweza kwenda hata bila hati hiyo. Usiporidhika huko, rufaa iko Mahakama Kuu. Kama kuna anayekuonyesha "hukumu" ya kata ya mwaka 2023 inayokutoa shambani, peleka karatasi hiyo wilayani kabla hujang'oa mhogo wako.