Je, wajua? Kwa nini saa ya "mita 30" haifai kuogelea

Saa nyingi za kike za mtindo wa michezo zinazouzwa mtandaoni zina maandishi 30M au 3 BAR (bar ni kizio cha shinikizo) kwenye kifuniko cha nyuma. Mnunuzi akiyaona hupiga hesabu ya haraka: bwawa lina kina cha mita 2, saa inahimili 30, shida iko wapi? Watengenezaji wenyewe wanakataa. Kwa Casio na Seiko, alama hiyo ni ya jasho, mvua na kunawa mikono. Kuogelea huanzia 50M, na anayetaka kuzamia kwa mrija wa kupumulia atafute 100M.

Cha ajabu, hesabu ya mnunuzi haina kosa. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la takriban bar 1, kwa hiyo mita 2 ni bar 0.2 tu. Wengi hujibu kwamba kurusharusha mikono majini ndiko kunakopandisha shinikizo hadi saa ikashindwa. Jibu hilo nalo ni bovu. Mkono unaokata maji kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde huongeza takriban bar 0.045, sawa na kuzama nusu mita zaidi. Kujirusha kutoka kimo cha mita 5 huleta kama bar 0.5, ingawa kishindo cha kwanza cha kugonga maji huenda kikazidi hapo kwa kitambo kidogo sana.

Lawama iende kwa mpira. Saa huzibwa kwa vipete vyembamba vya mpira, ambavyo mafundi huviita oringi: kimoja chini ya kifuniko cha nyuma, kingine kwenye kitufe cha kurekebishia majira, na kimoja kwa kila kitufe cha pembeni. Fikiria dumu la maji lenye mpira kwenye mfuniko. Likiwa jipya, lilaze ubavu, halitoi tone. Liache juani miezi kadhaa, mpira ukauke na kupoteza unyumbufu. Au chembe moja ya mchanga ikwame pale mfuniko unapokaa. Maji yatapita, na hayahitaji shinikizo kubwa. Ile 30M ni matokeo ya kupima saa iliyo kama dumu jipya, safi, lililotulia. Tena kiwango cha kimataifa cha saa zisizopenya maji, ISO 22810, kinaruhusu kupima sampuli tu, hivyo saa uliyotumiwa huenda haijawahi kuguswa na maji.

Kuoga maji ya moto ni kubaya zaidi ya bwawa. Hewa ya ndani hupanuka, kisha ukitoka bafuni hupoa na kunywea, na unyevu hufyonzwa penye upenyo wowote. Sabuni husaidia maji kupenya. Kubonyeza vitufe chini ya maji husogeza oringi mahali pake. Na kila betri inapobadilishwa, oringi ya nyuma inatakiwa kuwa mpya, ipakwe grisi ya silikoni. Fundi wa haraka hurudisha ileile iliyobonyea.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba picha ya kifuniko cha nyuma. Maelezo ya tangazo hayatoshi. Pete inayozunguka kioo isikudanganye, mara nyingi ni pambo: saa ya wapiga mbizi huandikwa DIVER'S na, kwa kiwango chake cha kimataifa, ISO 6425, huanzia mita 100 na kila moja hupimwa. Ukubwa? Kata karatasi ya duara yenye kipenyo kilichotajwa, iweke mkononi. Picha za dukani hazina kipimo.

Mzigo ukifika, vaa saa hadi ipate joto la mwili, kisha weka kipande kidogo cha barafu juu ya kioo kwa dakika moja, ufute. Ukungu ukibaki upande wa ndani, unyevu umeshaingia; irudishe kabla siku za kurudisha bidhaa hazijaisha. Usipouona, hiyo haithibitishi kwamba oringi ni nzima, ila tu kwamba ndani bado ni pakavu.