Usiioshe pesa ya Barghash kwa ndimu

Sinia la shaba dawa yake ndimu na jivu. Unalisugua kwa kumbi, unalisuuza, linang'ara, na likififia unalisugua tena. Tabu huanza pale ujuzi huo wa jikoni unapohamishiwa kwenye sarafu za kale. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi na kutathmini sarafu hapa Mji Mkongwe, na nyingi ninazoletewa zimeshapita jikoni kabla ya kunifikia.

Chukua pesa ya shaba ya Sultan Barghash wa Zanzibar, ile ya mwaka 1299 wa Hijria (1882), yenye mizani upande mmoja. Isipoguswa huwa ya kahawia iliyokolea, pengine nyeusi kabisa, na watu hudhani ni uchafu. Sio uchafu. Ni utando mwembamba ambao shaba imejijengea yenyewe kwa miaka mingi, na ukishatulia huikinga isiendelee kulika. Asidi ya ndimu, siki au ukwaju huuyeyusha utando huo kwa dakika chache. Inabaki shaba tupu ya rangi ya waridi, kama ngozi mbichi chini ya lengelenge lililopasuka. Itazame kwa kioo cha kukuzia: nyuzi za mizani zimekuwa butu, na baina ya herufi za Kiarabu kumejaa vishimo vidogo vidogo. Mnunuzi anayejua kazi yake hata kioo hahitaji. Anaiona rangi tu, anairudisha mezani.

Chumvi ndiyo inayoharibu kabisa, nayo karibu kila mtu huichanganya na ndimu ili "ikate zaidi". Ndani ya chumvi mna kloridi, na hiyo huingia kwenye vishimo ikajificha humo, husuuzi ikatoka. Ikishashikana na shaba, inasubiri unyevu tu, na visiwani kwetu unyevu hatuununui. Kloridi ya shaba ikikutana na maji na hewa huzaa asidi. Asidi hiyo inakula shaba iliyo chini yake, kloridi mpya inatengenezwa, na mambo yanaanza upya. Kwa hiyo sarafu iliyong'arishwa kiangazi, masika yakifika ina madoa ya kijani mpauko, ya unga unga, ukiyagusa yanadondoka. Hapo tena si suala la urembo. Sarafu inaliwa.

Fedha ina ubishi wake. Dawa ya meno imewekwa chembe za kusugulia, kwa hiyo riale ya Maria Theresa ikisuguliwa nayo hutoka na mikwaruzo inayoonekana ukiigeuza kwenye mwanga. Wengine hutumia magadi soda na karatasi ya aluminiamu. Njia hiyo haikwaruzi, nakubali, lakini huacha weupe mkavu usio na uhai. Zinazonisikitisha zaidi ni shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, za kuanzia 1921 hadi 1946, ambazo Zanzibar ilianza kuzitumia 1936 badala ya rupia. Fedha yake ni robo tu. Ukisugua sana ngozi ya juu, unakutana na wekundu wa shaba, na huo haufichiki.

Ukiokota sarafu shambani au ufukweni, hata udongo usiutoe. Mtambwe Mkuu kule Pemba, mwaka 1984, wanaakiolojia walipata zaidi ya sarafu elfu mbili ndogo za fedha pamoja na chache za dhahabu. Kwenye sarafu za kuokotwa namna hiyo, kutu na mchanga huweza kushika nyuzi za kitambaa au alama nyingine za mahali sarafu ilipolala. Acha ilivyo, kumbuka ulipoiokota, ipeleke kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale.

Sarafu ya urithi iliyokaa kabatini mara nyingi haihitaji chochote. Ikiwa na vumbi la mchanga, iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa, yaani maji safi yasiyo na chumvi, yale yanayotiwa pia kwenye betri za magari, kisha ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa cha pamba, bila kufuta. Ukienda kuyanunua gereji kuwa mwangalifu, maana yanayoitwa "maji ya betri" pengine ni asidi yenyewe. Mafuta ya mikono hutolewa na asetoni safi, mahali penye hewa na mbali na moto. Ile ya kufutia rangi ya kucha huwa imetiwa manukato na mafuta.

Uishike kwa ukingo. Usiitie kwenye mfuko wa plastiki laini wenye harufu kali, kwani plastiki hiyo hutoa utelezi wa kijani. Vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafaa, ila navyo hujaa, kwa hiyo vibadilishe kabla ya masika.